Waya wa Taa ya Nyuma

Mimi ni fundi umeme wa pikipiki, na ni mwanamke. Naanza na hilo kwa sababu hata watu wa Bariadi walianza na hilo. Nilipofungua kibanda changu nyuma ya soko, wateja walikuwa wanachungulia mlangoni na kuniuliza fundi yuko wapi. Nikiwaambia ni mimi, wengine walisema watarudi baadaye, na hawakurudi. Nilizaliwa Nassa, upande wa ziwani, nikasomea umeme wa magari mwaka mmoja, kisha nikaolewa Bariadi na mwalimu aliyehamishiwa huku kutoka Mbeya. Yeye alikwenda kufundisha, mimi nikakaa na bisibisi zangu kusubiri mtu wa kuniamini.

Kilichonipa jina ni taa za urembo. Nazungumzia zile nyuzi za taa ndogondogo zinazouzwa kwa mita, zenye gundi mgongoni. Vijana wa bodaboda walizipenda kupita kiasi. Waliziweka chini ya tangi, kwenye rimu, kuzunguka kibao cha namba, na wengine hadi kwenye kofia ngumu. Zambarau, bluu, nyekundu, za kuwaka na kuzima kama moyo unavyodunda. Ikifika saa kumi na mbili na nusu jioni, kijiwe cha stendi kilikuwa kinang'aa kama ukumbi wa harusi, na karibu kila taa iliyowaka pale ilikuwa imepita mikononi mwangu. Nilikuwa napita njia ile kwenda nyumbani hata siku ambazo haikuwa njia yangu.

Nilikuwa na mtindo wangu. Mafundi wengine walivuta umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri na kuweka swichi ya pembeni. Dereva akisahau kuizima, asubuhi pikipiki haiwaki. Mimi nilikuwa nakata waya wa taa ya nyuma, ule unaopita chini ya kiti, naunganisha taa za urembo hapo hapo, halafu naurudishia. Ukiwasha taa kubwa ya mbele, zote zinawaka pamoja, na ukiizima zinazimika zote. Hakuna cha kusahau. Watu walitoka hadi Itilima na Meatu kufuata mtindo huo.

Mmoja wao alikuwa kijana wa Migato. Nasema kijana, lakini alikuwa anakaribia miaka thelathini. Alikuwa anaishi na mama yake, analima pamba na dengu, na msimu wa kilimo ukiisha anaendesha bodaboda kati ya kwao na Bariadi. Alikuwa mrefu, na sauti yake ilikuwa nyembamba isiyolingana na mwili. Aliniita fundi dada, mimi nikamwita ngosha, kama wanaume wanavyoitana huku, na yeye alicheka kila mara kusikia mwanamke anamwita hivyo. Alitaka taa za kijani, kijani tupu, mbele chini ya taa kubwa na pembeni kwenye vizuizi vya mguu. Nilimfungia siku nzima. Ilipofika jioni akaiwasha, akarudi nyuma hatua kadhaa, akaitazama. Halafu akanipa mkono, akanishukuru kwa Kisukuma, "Wabeja, wabeja sana," akaondoka.

Tangazo la trafiki lilikuja wakati wa msimu wa pamba, malori yakiwa yanapishana barabarani mchana na jioni. Afande wa usalama barabarani aliwaita madereva wote wa bodaboda kijiweni, na akatuma mtu aniite na mimi, kwa kuwa nilijulikana ndiye mfungaji. Hakutufokea. Alikuwa mtu mpole, anaongea kama anafundisha darasa.

"Mbele ni taa nyeupe au ya njano," alisema. "Nyuma ni nyekundu. Indiketa ni rangi ya chungwa. Basi. Bluu ni ya polisi. Nyekundu ya mbele ndiyo mbaya kuliko zote, maana dereva akiona nyekundu anajua anatazama mgongo wa chombo. Wewe unakuja, taa yako inamwambia unakwenda. Atakufuata, mtagongana uso kwa uso."

Kijana wa Migato alinyoosha mkono. "Afande, na kijani? Kijani ni ya nani?"

Watu wakacheka. Afande hakucheka.

"Si ya mtu. Barabarani kila rangi ina maneno yake, na wote tumekubaliana maneno hayo. Hiyo kijani yako inamwambia nini mwenzako?"

"Inamwambia ni mimi," alijibu.

Wakacheka tena, na safari hii hata afande alitabasamu. Kisha akatoa siku tatu. Baada ya hapo, pikipiki itakayokutwa na taa za urembo itakamatwa na itaondoka kituoni kwa faini. Akanigeukia. "Na wewe fundi, usifunge tena. Wasaidie kuzitoa."

Sikuwa na ubishi naye. Moyoni nilijua alichosema ni kweli, niliwahi kuyafikiria mwenyewe yale ya nyekundu ya mbele na nikafunga tu kwa sababu mteja alitaka. Lakini niliona aibu, na kwa aibu ile nikawa nafanya kazi kwa hasira. Siku mbili za kwanza walikuja wachache. Siku ya tatu walikuja wote.

Nilianza saa moja asubuhi. Walipanga pikipiki kuanzia mlangoni kwangu hadi kwa muuza mahindi. Kila moja nilifanya vilevile: fungua kiti, kata, vuta uzi wa taa, unga tena ncha mbili za waya wa taa ya nyuma, zifunge kwa selotepu nyeusi, rudisha kiti, inayofuata. Uzi wa gundi ukivutwa unaondoka na rangi, kwa hiyo palikuwa na kelele za watu wanaolalamikia matangi yao. Saa tano jua lilikuwa kali, na chini ya meza yangu palikuwa na lundo la taa zilizojisokota, ambazo wiki chache nyuma nilizipanga moja moja kwa vidole.

Kijana wa Migato alifika wakati huo akiwa na abiria, mama mtu mzima aliyejifunga kanga mbili. Mama alishuka akasimama kwenye kivuli.

"Fundi dada, nipitishe mimi kwanza," kijana alisema. "Huyu anawahi mazishi, na nyuma ya kanisa pale trafiki wameshaanza kukamata hata kabla siku haijaisha."

Waliokuwa kwenye foleni waliguna, lakini wakampisha kwa sababu ya msiba. Nilifungua kiti. Nilikata. Nilivuta zile za kijani, zikaja zote kwa mkupuo. Wakati huo mwenye pikipiki niliyomaliza kabla yake alikuwa amesimama juu ya kichwa changu akinionyesha mkwaruzo kwenye tangi lake, nami nilikuwa namjibu. Mikono yangu ikaendelea kufanya ilichokuwa inafanya tangu asubuhi. Ilichukua selotepu, ikafunga ncha moja vizuri, ikafunga ncha ya pili vizuri, ikarudisha kiti.

"Washa," nilimwambia.

Akawasha taa kubwa. Nilikuwa nimesimama mbele, nikaiona nyeupe. Sikwenda nyuma. Kutoka pale nilipokuwa hadi kuiona taa ya nyuma ni hatua mbili.

"Sasa nimekuwa kama pikipiki ya serikali," alisema. Akacheka, abiria akapanda, wakaenda.

Habari niliipata kesho yake asubuhi kabla sijafungua kufuli. Madereva watatu walikuwa wamekaa kwenye ubao wangu, kimya, na bodaboda hawakai kimya. Mmoja wao akaniambia. Yule mwenzao wa Migato amegongwa na lori jana jioni, akirudi kwao peke yake, kwenye mwinuko wa kuingia Migato. Lori lilimgonga kwa nyuma. Amefia pale pale.

Niliuliza swali moja. "Ilikuwa saa ngapi?"

"Giza lilikuwa linaingia."

Nilijua saa ile ile. Sikuhitaji kuiona pikipiki. Mikono ilinikumbusha yenyewe, nilihisi selotepu inazunguka ncha ya kwanza, kisha inazunguka ncha ya pili, na kati ya ncha hizo mbili hakuna kitu. Taa ya breki ina waya wake, akikanyaga breki ingewaka. Lakini pale ni mpando. Mtu anayepanda mlima hana sababu ya kukanyaga breki.

Mchana wake aliletwa askari kunichukua. Sikuwa natuhumiwa chochote. Mpelelezi wa ajali ile alitaka fundi wa kumfungulia pikipiki ili aandike hali ya taa, na aliyejulikana mjini kwa waya za pikipiki ni mimi. Nilibeba mfuko wangu wa vifaa. Pale kituoni, kwenye kibaraza, alikuwa amekaa chini mwanamume wa umri wa baba yangu mdogo, peku, suruali ameishika kwa mkono kwa sababu mkanda ulichukuliwa. Aliponiona na bisibisi akajaribu kusimama.

"Wewe ndiye fundi? Angalia vizuri taa ya nyuma, mama. Hakuwa na taa. Wallahi sikumwona. Lori la mbele yangu liliacha vumbi kama ukuta, nimo ndani ya vumbi, na ndani ya vumbi hapakuwa na taa."

"Mzee, kaa chini," askari alimwambia.

Pikipiki ilikuwa imelazwa uani chini ya bati. Matigadi ya nyuma ilikuwa imekunjika, kibao cha taa kimepasuka, lakini kiti hakikuwa kimeharibika sana. Nilikifungua. Mpelelezi alikuwa amesimama nyuma yangu na fomu kwenye ubao.

Zilikuwa pale. Ncha mbili za waya wa taa ya nyuma, kila moja imefungwa kwa selotepu nyeusi, safi, kama vidole vilivyofungwa bendeji. Ajali haikuzigusa.

"Vipi?" mpelelezi aliuliza.

Nilikuwa nimechuchumaa, mgongo wangu umemziba. Nilizivua zile selotepu kwa kucha, moja na ya pili, nikazifumbata kwenye kiganja. Sikupanga kufanya hivyo. Kama mtu angeniuliza sekunde moja kabla, ningemwambia siwezi.

"Waya umekatika, afande."

"Umekatika kwa ajali?"

"Kwa ajali."

"Kabla ya hapo taa ilikuwa inafanya kazi?"

"Ilikuwa inafanya. Mimi mwenyewe nilimhudumia jana asubuhi."

Akaandika. Nikatia sahihi. Nilipotoka, yule dereva wa lori aliniangalia usoni, akitafuta jibu, nikapita. Kiganja kilikuwa kinanata. Nilifika nyumbani, nikazibandua zile selotepu, nikashindwa kuzitupa kwenye taka na nikashindwa kuzichoma. Nikaziweka kwenye kopo la skrubu, nikafunga kifuniko.

Mazishi sikwenda. Nilimwambia mume wangu naumwa.

Siku zilizofuata niliendelea na kazi, lakini nikawa fundi wa ajabu. Kila pikipiki niliyoigusa niliizunguka mara tatu kuangalia taa ya nyuma, hata iliyoletwa kuziba pancha kwa jirani. Mteja akiondoka nilikuwa naacha kazi nasimama barabarani kumtazama mgongo mpaka apinde kona. Madereva walianza kunitania kwamba fundi dada sasa anatutamani. Nilicheka nao. Wakati wa kufunga, jua likiwa linazama, nilikuwa nasikia ile sauti nyembamba nyuma ya kibanda ikisema "fundi dada," kawaida kabisa, kama ya mtu anayetaka kuazima plaizi. Mara ya kwanza niliitika. Mara ya pili nilitoka nje kuangalia. Palikuwa na mbuzi wa muuza mahindi tu.

Jioni moja nikaona taa ya kijani inakuja kutoka upande wa soko. Ilikuwa juu kidogo, inatikisika. Nikashika nguzo. Nilisubiri ifike. Haikufika. Baada ya muda nikaelewa kwamba ni taa mpya ya duka la dawa, imefungwa siku ile, na kilichotikisika ni tawi la mti lililokuwa mbele yake. Nilijua ni hivyo na bado kesho yake nilibadilisha njia.

Lakini aliyenisumbua kuliko marehemu ni yule dereva. Marehemu aliniita jina langu la kazi na hakuniuliza kitu. Dereva aliniuliza. Nikilala namwona anajaribu kusimama, mkono mmoja kwenye suruali. Angalia vizuri, mama. Nilisikia kwamba alipelekwa mahabusu, kwamba ni mtu wa Singida, kwamba kila anapohojiwa anasema maneno yale yale na hakuna anayemwamini, kwa sababu fundi ameshasema taa ilikuwa inawaka.

Wiki ya tatu nilimweleza mume wangu. Alikuwa anasahihisha madaftari. Aliweka kalamu, akasikiliza hadi mwisho.

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

Alifunga daftari lililokuwa mbele yake. "Una watoto wawili," alisema. Kisha akaongeza, kwa sauti ndogo, "Na yule mzee naye bila shaka ana wake." Akarudi kwenye madaftari, lakini sikuona akigeuza ukurasa.

Asubuhi nilikwenda kituoni na kopo la skrubu.

Mpelelezi alinitambua, akadhani nimefuata malipo ya kazi. Nilimwaga skrubu mezani kwake, nikatoa zile selotepu mbili zilizokauka.

"Hizi ni nini?"

"Zilikuwa kwenye waya, afande. Nilizivua mbele yako. Taa ya nyuma haikuwa inawaka. Nilitoa taa za kijani asubuhi ile, nikasahau kuunga waya. Nilidanganya."

Alinitazama kama mtu aliyeletewa mzigo usio wake. "Unajua unachokisema?"

"Najua."

"Unajua nilisimama nyuma yako? Jina langu liko kwenye ile fomu."

"Najua, afande. Nisamehe."

Walinishikilia siku ile hadi jioni, mume wangu akaja kunidhamini. Pikipiki ilifunguliwa tena na mkaguzi mwingine, ncha za waya zikakutwa zimenyooka kama zilivyoachwa na plaizi. Waya uliokatwa na ajali unachanika, haukatiki hivyo. Nilitoa ushahidi mahakamani. Hakimu, mama mwenye miwani, aliniuliza swali moja tu nje ya yale ya wakili. Aliuliza kwa nini nilisema uongo wakati hakuna aliyekuwa ananituhumu. Nilimjibu kwamba niliogopa. Akasubiri, kana kwamba kuna zaidi. Palikuwa na zaidi, ila sikuwa na maneno yake. Sikutaka kuwa mtu aliyefanya jambo lile, na kwa dakika moja pale uani niliona mlango wa kutokuwa mtu huyo.

Dereva aliachiwa. Shauri langu mimi lilibaki kwenye faili. Niliitwa mara tatu kuandika maelezo, mara ya nne nikaambiwa nirudi nyumbani, nikihitajika nitaitwa. Sijaitwa hadi leo. Simu ikiingia namba nisiyoijua, bado nasimama kabla ya kuipokea.

Nilifikiri dereva nimemalizana naye. Miezi miwili baadaye alikuja kibandani. Alikuwa amevaa shati safi na mkanda. Alisimama nje, sikumkaribisha kwa sababu sikujua kama nina haki hiyo.

"Shikamoo," nilisema.

"Marahaba, mama." Alitazama vifaa vyangu ukutani. "Sikuja kwa ubaya. Nimetoka Migato. Nilikwenda kumuomba radhi mama wa marehemu."

"Alikupokea?"

"Alinipokea. Alinipa maji. Halafu akaniuliza kitu, nikashindwa kumjibu. Aliniuliza, taa ya mbele ya mwanangu ilikuwa rangi gani siku ile?" Alitikisa kichwa. "Mimi nilitokea nyuma. Nyuma hapakuwa na taa, mbele sikuiona. Aliuliza mara tatu. Nikasema pengine wewe fundi unajua."

"Najua."

"Basi nenda kamwambie." Aligeuka, nikadhani anaondoka. "Na mimi nikuambie kitu. Mahakamani nilisema sikumwona kwa sababu hakuwa na taa. Ni kweli. Lakini lile vumbi, mama. Nikiwa peke yangu najiuliza, angekuwa nayo ningeiona? Sikupunguza mwendo mle ndani ya vumbi. Nilikuwa nawahi mzani wa pamba kabla haujafungwa." Akanitazama. "Wewe unalala?"

"Kidogo."

"Na mimi kidogo."

Alishika mkanda wake, akaaga. Alienda zake, na sijamwona tena.

Nilikwenda Migato siku ya Jumapili baada ya ibada. Bodaboda aliyenipeleka hakuniuliza nakwenda kwa nani. Nyumba ilikuwa juu kidogo ya barabara, ya tofali za kuchoma, na uwanja wake unatazama ule mwinuko moja kwa moja. Mama alikuwa amekaa chini anapepeta dengu kwenye ungo. Alikuwa mdogo wa umbo, sikuelewa alimzaaje mtu mrefu vile.

"Mwadila, mayu," nilimsalimu mama huyo kwa Kisukuma, nimepiga goti.

"Mwadila." Aliendelea kupepeta. "Wewe ndiye wa taa."

"Ndiye mimi."

Nilianza kumweleza habari ya waya wa nyuma, nilivyokata, nilivyosahau, nilivyodanganya. Alinyanyua mkono.

"Hayo nimeyasikia. Yalisomwa mahakamani, shemeji yangu alikuwepo, akanieleza ya waya wa nyuma tu. Niambie ya mbele."

"Ya mbele ilikuwa nyeupe, mayu."

"Kijani?"

"Niliitoa. Asubuhi ile. Sheria ilikataza."

Ungo ulisimama. Dengu zikatulia. Aliuweka chini polepole, akafuta mikono kwenye kanga.

"Mimi macho yangu si mazuri," alisema. "Taa zote za barabarani kwangu ni moja. Mwanangu aliliona hilo, akasema mama, nitaweka rangi ambayo hakuna mwingine njia hii, ukiiona ujue ni mimi, uweke maji ya kuoga motoni. Nikawa nakaa hapa jioni. Ikitokea kijani kule chini ya mwinuko, naweka maji. Akifika yamepata moto."

Sikuweza kumtazama.

"Siku ile nilikaa. Ikatokea nyeupe. Nikasema huyu si wangu. Likampita lori, likaja vumbi, lori la pili likaingia kwenye vumbi. Ile nyeupe sikuiona tena. Nikasema mpita njia amekata njia ya pembeni. Nikaingia ndani kupika. Watu walipiga yowe kule chini na mimi nikaendelea kukoroga ugali, nikisema masikini, ni mtoto wa nani huyo. Nilisema hivyo kwa mdomo wangu. Tangu hapo nawauliza wote, taa yake ilikuwa rangi gani, na kila mmoja anasema hajui. Nikawa najipa moyo kwamba ile nyeupe ni ya mwingine, kwamba mwanangu hakupita mbele ya macho yangu nikamkana."

"Hukumkana, mayu. Mimi ndiye..."

"Nyamaza kidogo."

 Kuku walikuja kwenye dengu, hakuwafukuza. Jua lilikuwa limeshuka, na kwa mbali chini ya mwinuko pikipiki ya kwanza ikawasha taa. Nyeupe. Aliinua shingo kuitazama. Nikaona midomo yake inasogea. Ilikuja, ikakua, ikapita chini yetu na muziki wake, ikaenda. Ikatokea nyingine. Akaitazama na hiyo vilevile, kwa makini yale yale, mpaka ilipopita.

"Sasa kila nyeupe inabidi niingoje," alisema.

Nilimwambia kitu ambacho nilikuwa nimekipanga njia nzima, kwamba nitakuwa nakuja, nitamsaidia shamba, chochote atakachotaka.  Aliinuka, akaingia ndani, akatoka na kikombe cha maji, akanipa kwa mikono miwili kama mgeni yeyote. Nikanywa. Akapokea kikombe.

"Mwambie huyo aliyekuleta awashe taa zote mbili," alisema. "Na wewe uziangalie mwenyewe kabla hujapanda."

Nilishuka hadi barabarani. Nilimwomba bodaboda awashe, nikaenda nyuma, nikaiona nyekundu inawaka. Niligusa kioo chake, kilikuwa na joto. Mama alikuwa bado amesimama uwanjani na kikombe mkononi, uso ameuelekeza kule chini ya mwinuko, mahali ambapo taa nyingine ilikuwa inaanza kutokea.